Nyimbo Zimeingia Lakini Hazionekani: Hitilafu za Kuhamishia Muziki Kwenye Simu, Flashi na iPod

Kijana mmoja wa bodaboda aliniletea flashi ile ile mara tatu ndani ya wiki moja. "Kaka, hujaniwekea kitu humu." Nikiichomeka kwenye kompyuta, nyimbo zote zipo na zinaimba. Mara ya tatu nikamwambia aje na redio yenyewe ya pikipiki. Tukachomeka: taa inawaka, redio kimya. Flashi ilikuwa ya GB 64, imefomatiwa kwa exFAT, na redio yake ilikuwa inajua FAT32 tu (hizi ni namna mbili tofauti za kupanga faili ndani ya flashi). Nikafomati upya, nikarudisha nyimbo, akaondoka anatikisa kichwa. Tangu siku hiyo sikubali kutibu flashi bila kukiona kifaa kitakachoipiga.

Jambo la pili nililojifunza ni kubwa zaidi, na ndilo linalobeba mwongozo huu wote. Kwenye muziki wa kidijitali kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: faili na daftari. Faili ndiyo wimbo wenyewe. Daftari ni orodha ambayo kifaa au programu imejiandikia: msanii fulani, albamu fulani, wimbo uko folda fulani. Programu za muziki kama MusicBee na MediaMonkey kwenye Windows zina daftari lao, Rhythmbox na Strawberry kwenye Linux zina lao, simu ya Android ina lake, iPod ina lake. Unapoambiwa "nyimbo hazipo", mara nyingi faili zipo ila daftari halina habari nazo. Kwa hiyo kabla ya kuifuta programu na kuiweka upya, jiulize: faili ipo? Kama ipo, daftari la nani halijaandikwa?

Na kabla ya kugusa chochote, hakikisha kuna nakala mama ya muziki wako kwenye kompyuta au diski ya nje. Simu si nakala mama. Flashi ndiyo kabisa.

Simu inachaji, lakini kompyuta haioni kitu

Hili linaongoza, na sababu yake ya kwanza haina hata haja ya fundi. Tangu Android 6, simu ikichomekwa huanza kwa kuchaji tu. Fungua simu kwa namba ya siri, shusha pazia la arifa, gusa ile inayotaja USB, kisha chagua Kuhamisha faili, au File transfer kama simu yako iko kwa Kiingereza. Simu ikiwa imejifunga, kompyuta itaona jina la simu na folda tupu.

Sababu ya pili ni waya. Waya wa kawaida wa USB una nyaya nne ndani yake: mbili za umeme, mbili za data. Waya nyingi zinazokuja na feni ndogo, taa na spika zina zile mbili za umeme tu. Hazijaharibika, zimetengenezwa hivyo. Utachaji mpaka kesho bila kuhamisha wimbo hata mmoja. Jaribu waya huo huo kwa simu nyingine. Ikikataa nayo, umempata mchawi. Waya wangu wa data nimeufunga uzi mwekundu shingoni, na nyumbani wote wanajua hauguswi.

Sababu nyingine, kwa mpangilio wa jinsi ninavyozikuta:

1. Tundu la simu limejaa vumbi la mfukoni. Dalili yake ni plagi kutozama mpaka mwisho. Zima simu, chokonoa taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Usitumie sindano wala pini. Ndani mna miguu midogo ya shaba inayopinda na kugusana.
2. Tundu la kompyuta lenyewe limechoka, au unapitia kigawanyaji cha USB. Chomeka moja kwa moja, ikiwezekana nyuma ya kompyuta.
3. Windows yako ni toleo lenye herufi N. Matoleo hayo huja bila vipande vya media, na bila hivyo hayaelewi MTP, lugha inayotumiwa na simu kuhamisha faili. Fungua mipangilio, nenda kwenye vipengele vya hiari, ongeza Media Feature Pack, kisha washa kompyuta upya.
4. Kiendeshi (driver), yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuelewana na simu, kimepotea. Ndani ya Device Manager utaona kifaa chenye alama ya mshangao. Sasisha kiendeshi kwa kuchagua mwenyewe kutoka kwenye orodha, na uchague MTP USB Device.

Kwenye Linux kuna moja ya peke yake. Simu inaonekana vizuri kwenye kitazama faili, ila Rhythmbox inadai kifaa kina shughuli. MTP haitaki wapenzi wawili: programu moja ikiishika simu, nyingine inafungiwa nje. Itoe simu kwenye kitazama faili, kifunge, ndipo ufungue Rhythmbox.

Acha na umpelekee fundi simu: tundu linapata joto lisilo la kawaida, lina ukijani au weusi, au waya unafanya kazi ukiushikilia upande mmoja tu. Hiyo ni kazi ya kuchomelea, na ukiendelea kuulazimisha utaondoka na bodi nzima.

Nyimbo zimenakiliwa, simu inasema hakuna muziki

Fungua programu ya faili ya simu, nenda kwenye folda uliyonakilia, gusa wimbo. Ukiimba, tatizo ni daftari. Zima simu na uiwashe, ipe dakika chache, hasa kama memori kadi ni kubwa. Simu ikiwaka hukagua faili upya, na mara nyingi hapo hadithi inaisha.

Bado? Angalia folda. Ikiwa ndani yake kuna faili inayoitwa .nomedia, Android imeambiwa isiangalie humo, na folda zote zilizo chini yake nazo zinarukwa. Faili hiyo huwa imefichwa, kwa hiyo ruhusu kwanza programu ya faili ionyeshe vilivyofichika. WhatsApp huiweka kwenye baadhi ya folda zake, ndiyo maana wimbo uliomtumia shemeji unaweza usionekane kwenye kicheza muziki chako ingawa uko ndani ya simu. Dawa si kuifuta .nomedia ya watu. Nakili nyimbo ziende kwenye folda ya Music.

Kisha angalia kicheza muziki chenyewe. Vingi vina kichujio kinachoficha sauti fupi, na kuna vinavyosoma folda ulizochagua tu. Kuanzia Android 13, programu inahitaji ruhusa ya pekee ya muziki na sauti. Ukiikatalia siku ya kwanza kwa haraka zako, itakaa tupu bila kulalamika.

Ukiona wimbo una ukubwa wa sifuri, hapo faili yenyewe haikufika. Nakili tena.

Hatua ya ndani, kama yote yameshindikana: mipangilio, programu, onyesha programu za mfumo, tafuta hifadhi ya media, futa data yake, zima na uwashe simu. Hii inalifuta daftari ili liandikwe upya. Nyimbo hazifutiki, ila mlio wa simu uliochagua unaweza kurudi ule wa kiwandani na orodha zako za nyimbo zinaweza kupotea, kwa hiyo isiwe hatua ya kwanza.

Nyimbo ulizopakua ndani ya programu za kulipia kwa mwezi ni jambo jingine. Zile zimefungwa kwa ufunguo wa programu hiyo, na hakuna programu ya kusawazisha itakayozigeuza kuwa faili za kuchukua. Hapo hakuna hitilafu ya kutatua.

iPod imejaa, lakini inasema haina wimbo

Apple iliacha kutengeneza iPod mwaka 2022, lakini bado naletewa, nyingi zikiwa zimetumwa na ndugu walioko nje. Hakuna kifaa kinachoonyesha habari ya faili na daftari waziwazi kama hiki. Nyimbo zinakaa kwenye folda iliyofichwa, iPod_Control/Music, ndani ya vijifolda F00, F01 na kuendelea, kila wimbo ukiwa umepewa jina la herufi nne lisilo na maana. Daftari ni faili iitwayo iTunesDB. iPod husoma daftari peke yake, faili haziangalii.

Sababu ya kwanza basi: mtu ameburuta nyimbo kwa mkono kama anavyofanya kwenye flashi. Nafasi imeliwa, daftari halijaandikwa, skrini tupu. Zifute ulizoburuta, kisha uzipitishe kwenye programu inayojua kuandika iTunesDB, iwe iTunes ya Apple yenyewe au, kwa Linux, Rhythmbox, Strawberry na gtkpod.

Sababu ya pili inawakuta wenye iPod classic na nano za kuanzia 2007. Apple ilianza kutia muhuri kwenye daftari kwa kutumia namba ya utambulisho ya kifaa. Programu huria zinajua kuupiga muhuri huo kwa vifaa vingi vya kundi hili, ila ni lazima ziijue namba. Zisipoijua, zitakuambia kazi imekamilika na iPod itakataa daftari zima. Fungua faili ya SysInfo iliyo ndani ya iPod_Control/Device uone kama ina mstari wa FirewireGuid. Kama haina, chomoa iPod na uichomeke tena baada ya kuweka libgpod, kipande cha programu ambacho hizo za Linux hukitumia kuandika daftari la iPod. Kwa kawaida namba hujiandika. Ikigoma, endesha amri ya lsusb -v, chukua namba ya herufi 16 iliyo mbele ya iSerial, uiandike mwenyewe.

Sababu ya tatu: iPod ilianza maisha kwenye Mac, kwa hiyo imefomatiwa kwa HFS+, mfumo wa faili wa Mac. Windows haiisomi kabisa, na Linux huisoma bila kuiandikia endapo mfumo huo unaweka kumbukumbu ya mabadiliko ya faili (journal). Irejeshe upya kupitia iTunes ya Windows, ukijua kwamba inafutika yote.

Kwa iPod za zamani zinazokubali, mimi husukuma watu kwenye Rockbox. Ni programu huria ya ndani ya kifaa, ilianza 2001, na inaifanya iPod isome folda za kawaida. Unaburuta, unachomoa, unasikiliza. Ukitaka kutafuta kwa msanii, lipo daftari lake pia, unaliambia lijisasishe kutoka kwenye menyu.

iPhone ni ukoo mwingine, wala usijisumbue na Rhythmbox. Weka VLC, kicheza muziki na video cha bure, kwenye simu, washa kushiriki kwa Wi-Fi, na uifungue anwani itakayoonyeshwa kwenye kivinjari cha kompyuta iliyo mtandao mmoja. Nyimbo zitakaa ndani ya VLC, si kwenye programu ya Music ya Apple.

Redio ya gari au spika haisomi flashi

Kwa mpangilio: mfumo wa faili, aina ya faili, wingi wa faili, kisha flashi yenyewe.

Mfumo wa faili nimeshausimulia. Flashi na memori kadi zinazozidi GB 32 mara nyingi huja na exFAT, na dirisha la kufomati la Windows kwa miaka mingi limekataa kutoa FAT32 juu ya GB 32. Tumia Rufus au zana yoyote ya bure inayolazimisha FAT32. Kama ndiyo kwanza unanunua, nunua ya GB 32 na uepuke usumbufu: kwa MP3 za kbps 128, dakika moja ni kama MB 1, kwa hiyo unapata mamia ya saa za muziki. Hata kwa kbps 320, ambayo ni MB 2.4 kwa dakika, safari ya Dar mpaka Mwanza utaimaliza flashi ikiwa bado na akiba.

Aina ya faili ndiyo inayowachanganya wengi. Mtu amepata wimbo wa m4a au opus, akabadilisha jina ukawa wimbo.mp3, akaona kazi imeisha. Kubadilisha jina hakubadilishi kilichomo. Simu itaupiga, kwa sababu simu hutazama ndani; redio itauruka. Fungua kwa VLC, angalia taarifa za kodeki, yaani namna sauti ilivyofungashwa ndani ya faili. Ikiwa si MPEG Audio, geuza kwa ffmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa amri:

ffmpeg -i wimbo.m4a -b:a 192k wimbo.mp3

MusicBee na Strawberry zinaweza kukufanyia ugeuzaji huo wakati wa kuhamisha, nawe ukabaki na faili asili kwenye kompyuta. Hii ndiyo njia ninayoipenda.

Wingi: redio nyingi zina kikomo cha idadi ya faili na folda, kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Ukizidisha, zilizobaki hazionekani. Zigawe kwenye folda chache, zisizozama ndani ya folda nyingine.

Sasa lile ambalo huleta ugomvi kabisa: nyimbo zinapigwa shaghalabaghala. Mama mmoja alikuja na flashi ya darsa za Ramadhani, 01 mpaka 30, majina yamepangwa vizuri. Kwenye redio inaanza ya 17, inafuata ya 4. Majina hayakuwa na kosa. Redio za bei nafuu hazipangi kwa alfabeti. Zinafuata mpangilio ambao faili ziliandikwa kwenye jedwali la FAT, na kompyuta ikinakili faili nyingi kwa pamoja haiahidi kufuata namba. Njia nyepesi: futa, nakili moja moja kwa mpangilio unaoutaka. Njia ya haraka: DriveSort kwa Windows, au fatsort kwa Linux, vinapanga jedwali lenyewe bila kunakili upya. Kwa fatsort, flashi iwe imetolewa kwenye mfumo kwanza, na uangalie mara mbili jina la kifaa, kwa mfano /dev/sdb1, kabla ya kubonyeza. Kosa la herufi moja hapo linaweza kukupeleka kwenye diski nyingine. Yule mama darsa zake zilikaa sawa, na mpaka leo anaamini nilizirekodi upya.

Nyimbo za mwanzo zinaimba, za mwisho zinakatika au zinapotea

Kama ni flashi mpya ya GB 128 uliyouziwa kwa bei ya soda, jibu unalijua tayari. Flashi bandia huiambia kompyuta kwamba ni GB 128 huku ndani ikiwa na 8. Inapokea kila unachonakili, bila kulalamika, kisha ama inaandika juu ya vya zamani ama inatupa. Daftari la flashi linaonyesha faili zote; faili zenyewe ni hewa. Ipime ikiwa tupu: H2testw kwa Windows, F3 kwa Linux na Mac. Zote mbili zinaijaza flashi kwa data na kuisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Flashi kubwa inaweza kuchukua saa kadhaa, iache ifanye kazi usiku. Ikifeli, hakuna tiba ya kurudisha GB ambazo hazikuwahi kuwepo.

Ikiwa flashi ni halali, mtuhumiwa ni wewe: umeichomoa kabla haijamaliza. Linux hasa hukuonyesha mstari umefika mwisho wakati data bado iko kwenye kumbukumbu ya kompyuta, inasubiri kuandikwa. Bonyeza kutoa kwa usalama na usubiri ujumbe. Flashi yenye taa inayopepesa bado inafanya kazi.

Memori kadi ikigoma kuandikwa kabisa, angalia kwanza kile kiswichi kidogo pembeni ya adapta yake, kisije kikawa kimeshuka kwenye kufunga. Kama kiswichi kiko juu na kadi bado inasomeka tu, huenda imefika mwisho wa maisha yake na imejifungia. Nakili vilivyomo leo, usingoje kesho.

Folda zote zimegeuka njia za mkato

Hii ni ya flashi zinazozunguka: kwa mpiga chapa, kwa jirani, kwenye kompyuta za kuweka nyimbo. Unafungua na kukuta majina ya folda zako, lakini kila moja ina mshale mdogo na ukubwa wa KB 1 au 2. Ni kirusi. Kimeficha folda halisi na kuweka njia za mkato zinazokiwasha kila unapobofya.

Usibofye hata moja. Usifomati pia, nyimbo zipo. Fungua dirisha la amri la Windows, na kama flashi ni E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri imalize. Folda zitaibuka, na wakati mwingine zote zimo ndani ya folda moja isiyo na jina. Nakili faili za muziki peke yake, usichukue chochote kinachoishia na exe, vbs au lnk. Kagua kompyuta kwa kinga ya virusi, kisha ndipo ufomati flashi. Ukiisafisha flashi ukaiacha kompyuta, kesho mnaonana tena.

Albamu moja imekuwa ishirini, au wasanii wote wana jina moja

Hapa lawama ni za lebo, yaani maandishi yaliyo ndani ya faili: jina la wimbo, msanii, albamu, mwaka. Jina la faili ni kitu kingine, na kicheza muziki mara nyingi hakilijali.

Kwenye bongo fleva sababu ya kwanza ni washirikishwa. Albamu ina nyimbo kumi na mbili, saba zina "ft." fulani kwenye nafasi ya msanii, basi simu inaona wasanii wanane na kuikata albamu vipande. Dawa ni nafasi ya msanii wa albamu: jaza jina moja kwa nyimbo zote, na uache "ft." zake kwenye nafasi ya msanii.

Sababu ya pili ni tovuti za kupakua. Nyingi huandika jina lao kwenye nafasi ya albamu, ya msanii, na hata kwenye picha ya jalada. Ukikusanya nyimbo mia tatu kutoka humo, una albamu moja ya nyimbo mia tatu. Mp3tag kwa Windows na Kid3 kwa Linux zinasafisha kwa mkupuo. Kama majina ya faili yako sawa, iambie Mp3tag itengeneze lebo kutoka kwenye jina kwa mpangilio wa %artist% - %title%. Jaribu kwa nyimbo tano kwanza.

MusicBrainz Picard ni zana nzuri mno kwa albamu zilizosajiliwa kimataifa. Inausikiliza wimbo na kuutambua. Kwa taarabu za zamani, kaswida na kanda za harusi siiamini. Kazi nyingi za aina hiyo hazimo kwenye hazina yake, na inaweza kukubandikia jina la mtu wa bara jingine kabisa. Hizo ziandike kwa mkono.

Lebo zikionekana kwenye kompyuta lakini redio inaonyesha viboksi au alama za kuuliza, hifadhi upya kwa ID3v2.3 badala ya 2.4 (ID3 ni mfumo wa kuandika lebo ndani ya MP3, na hizo ni namba za matoleo yake), vifaa vya zamani havielewi 2.4. Majina yakikatika kwenye herufi ya 30, redio yako inasoma ID3v1, ambayo nafasi yake inaishia hapo. Na jalada lisipoonekana, lipunguze hadi pikseli 500 kwa 500, liwe JPEG ya kawaida isiyo ya kufunguka hatua kwa hatua.

Orodha za nyimbo zimefika tupu

Fungua faili ya m3u, ambayo ndiyo orodha yenyewe, kwa kihariri maandishi. Ukiona D:\Muziki\Taarabu\..., umelipata kosa: simu haina D. Ndani ya programu yako chagua njia za kufuata folda badala ya njia kamili, mkwaju uwe wa kulala mbele /, na uhifadhi kama m3u8. Jina la wimbo likiwa na alama ya kuuliza au nukta pacha, Linux inalikubali ila FAT inalikataa, kwa hiyo faili hubadilishwa jina wakati wa kunakili na orodha inabaki ikitafuta jina la zamani.

Kusawazisha kumefuta nyimbo

Hapa ndipo watu hulia, na programu huwa imefanya ilichoagizwa. Kusawazisha ni kufananisha pande mbili. Kama kompyuta haina wimbo na simu inao, kufanana kunaweza kumaanisha kuufuta wa simu.

Kwenye MusicBee na MediaMonkey, tafuta mpangilio unaofuta vilivyoko kwenye kifaa visivyo kwenye maktaba, uuzime. Kwenye iTunes, simu ikihamia kompyuta nyingine utaulizwa kama unataka kufuta na kusawazisha. Ukikubali, muziki uliotoka kompyuta ya kwanza unaondoka. Kwenye Syncthing, programu ya kufananisha folda za vifaa viwili, kosa ni kuacha folda pande zote zikiwa za kutuma na kupokea, kisha mtoto anafuta nyimbo kwenye simu kupata nafasi ya mchezo, na kompyuta inafuata. Kompyuta iwe ya kutuma tu, simu iwe ya kupokea tu, na uwashe uhifadhi wa matoleo ya zamani.

Kama zimeshafutika kwenye flashi au memori kadi: usinakili kitu kingine humo, hata faili moja. Chomoa. Tumia PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizofutika, kutoka kwenye kompyuta, ukiielekeza ihifadhi inachokipata kwenye diski nyingine. Inatafuta kwa kuangalia maudhui, kwa hiyo majina ya faili yatapotea, ila lebo zilizo ndani ya MP3 zinabaki na Mp3tag inaweza kuyarudisha majina kutoka humo. Kwa hifadhi ya ndani ya simu kupitia MTP njia hii haifanyi kazi.

Na kama kilichofutika ni kitu kisicho na nakala popote, sauti ya bibi akisimulia, kaswida ya marehemu, usijaribu hata PhotoRec. Ipeleke kwa mtu anayefanya kazi ya kuokoa data, umwambie wazi ulichokifanya tangu ilipofutika.

Mahali pa kuweka bisibisi chini

iPod yenye diski ikianza kugonga tik, tik, tik kila inapowaka, diski inakufa. Kila jaribio la kusawazisha linaikwangua zaidi. Nakili unachoweza mara moja, basi. Skrini ya iPod nano ikiinuka, au mgongo wa simu ukijifungua pembeni, betri imevimba: usichaji, usibonyeze, usitoboe, iweke mbali na godoro na mwanga wa jua, kisha umpelekee fundi. Nano za kizazi cha kwanza, zilizouzwa kati ya 2005 na 2006, Apple ilizitangazia mpango wa kuzibadilisha mwaka 2011 kwa sababu betri zake zingeweza kupata joto kupita kiasi. Nimeshaletewa moja ya hizo, bado ndani ya kifuko chake, na mwenyewe anataka nimwekee taarabu. Nilizihamisha nyimbo kwenye simu yake, iPod nikamrudishia bila kuichomeka.